Kivuli cha Mtego Kwenye Shuka

Sabuni ya mawese ina harufu isiyokubali kutoka. Utasuuza shuka na kulisuuza tena, utalianika juani mchana kutwa, na jioni ukiliweka puani bado utakuta ule uzito wa mafuta yaliyopoa jikoni. Kwetu Mangobo, uani, kamba ya kuanikia ilitoka kwenye pembe ya paa la bati hadi kwenye mpapai, na shuka letu kubwa jeupe lilipotundikwa hapo lilikata uwanja katikati: huku upande wa nyumba, kule upande wa jua la alasiri, ambako Mama aliweka mabeseni yake ya kufulia. Kuku walipita chini yake wanavyotaka, sisi watoto tulipigwa marufuku hata kuligusa. Harufu ile ikinipata leo, hata kama niko katikati ya soko na mikono imejaa vitu, nakumbuka likizo kubwa ya mwaka niliotimiza miaka kumi. Ndiyo likizo niliyofundishwa kuona upya, na ndiyo likizo niliyouzwa na mtu wa nyumbani. Donge la siku ile halijayeyuka, na sitajifanya kwamba limeyeyuka.

Jicho nilikuwa nimelipoteza miezi michache kabla. Papa alikuwa mwendesha toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria na mizigo, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa miguu ya mji mzima wa Kisangani. Asubuhi moja alikuwa akifunga gunia la makaa nyuma ya baiskeli kwa mpira mrefu uliokatwa kutoka tairi ya ndani, mimi nikimshikia ncha ya pili, na mpira ukakatika. Kipande kimoja kilinirudia usoni. Uvimbe ulipoisha, jicho la kushoto lilirudi zuri kabisa, jeusi, linang'aa, likigeuka pamoja na mwenzake. Ila kazi lilikuwa limeacha. Nikifunika la kulia nilibaki na ukungu mtupu. Papa hakuweza kunitazama kwa muda mrefu, na tangu hapo chochote nilichoomba alikubali kabla sijamaliza kuomba. Mama yeye alikata shauri. "Usiambie mutu," aliniambia huku akinichana nywele. "Wakijua, watakuita liso moko mupaka siku ya ndoa yako." Liso moko ni jicho moja kwa Kilingala, na mtaani kwetu jina likishakukaa hulivui tena. Basi siri ikawa ya watu wanne: Papa, Mama, mimi, na Yaya Mado.

Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa. Mado alikuwa binti wa dada yake Mama, mzaliwa wa Isangi, mtoto wa watu wa mto, na baba yake, aliyekuwa mvuvi, alikuwa ameshafariki. Aliletwa kwetu kusoma akiwa na miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa na kumi na mitano, na katika muda wote huo hakuwa amemwona mama yake. Tulilala kitanda kimoja. Alinisuka, alinipigania mtaani, alijua nikidanganya kabla sijafungua mdomo. Yeye ndiye aliyegundua kwamba shida yangu haikuwa kuona bali kupima. Vitu niliviona vyote, rangi zake na majina yake, lakini vilikuwa vimebandikwa pamoja, kana kwamba mtu ameichora dunia ukutani akaniweka mbele yake. Nilimimina chai pembeni ya kikombe. Nilinyoosha mkono kupokea sahani nikashika hewa. Mtaro wa mbele ya nyumba niliuchukulia kuwa mstari wa kivuli tu, nikatumbukia ndani na ndoo ya maji kichwani, na wapita njia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mado hakucheka. Alinikalisha barazani, akaweka mezani vikombe viwili visivyolingana, akaniuliza kipi kiko karibu. Sikujua. "Usikae sawa na picha," akasema. "Tingiza kichwa. Huku na huku, pole pole." Nikatikisa kichwa, na kikombe kimoja kikakimbia kuliko mwenzake. Kile kilichokimbia ndicho kilichokuwa karibu. Nilinyoosha mkono nikakishika mara ya kwanza, nikalia, na Mado akalia pamoja nami.

Baada ya hapo kila alasiri ilikuwa shule, na somo kubwa lilikuwa la shuka. Mado alikuja kutoka Isangi na kitu kimoja tu cha baba yake: mtego mdogo wa samaki uliosukwa kwa fito nyembamba, mpana mdomoni na mwembamba mkiani, fito zimeachana kiasi cha kupitisha kidole. Jua lilipoteremka nyuma ya shuka aliufunga mtego kwa uzi, akazunguka upande wa jua, akauning'iniza kwenye mkono wake ulionyooshwa, na kuniacha mimi huku upande wa nyumba. "Unaona nini?" aliuliza. Niliona mistari. Mistari imelala kwenye kitambaa, mingine imenyooka, mingine imepinda, michoro ambayo hata mtoto anayejifunza kushika kalamu angeionea aibu. Kisha akausokota uzi na kuuachia, mtego ukaanza kuzunguka, na sijui niseme vipi ili mtu ambaye hajawahi kupoteza jicho aelewe. Mistari iliinuka. Mingine ilikwenda kulia, mingine kushoto, ile ya katikati ikienda mbio na ya pembeni ikijivuta, na katika kupishana huko kitambaa kikapata tumbo. Mtego ulikuwa pale mbele yangu, wa mviringo, una mbele na nyuma, una nafasi ndani yake ya kukaa samaki. Uzi ulipoishiwa nguvu na mtego ukatulia, ulilala tena ukawa mistari. Nilimwomba auzungushe tena, na tena, mpaka Mama akalalamika kwamba shuka lake litanuka samaki.

Jambo moja katika mchezo ule lilitushinda. Mado aliniuliza fito za karibu nami zinaelekea wapi, nikamjibu kwamba zinaelekea kwenye mpapai. "Apana," akasema kutoka upande wa pili. "Za karibu na weye zinaenda ku nyumba. Ni miye niko nashika kitu." Nilibisha. Nilikuwa naziona kwa jicho langu, jamani, zikienda kwenye mpapai. Kisha nikapepesa, nikatazama tena, na mtego wote ukageuka: fito nilizodhani ziko mbele zikawa zimeingia nyuma, na ule mzunguko ukaenda kinyume, ilhali kwenye shuka hapakubadilika hata mstari mmoja. Nilishtuka nikarudi nyuma. Mado alimpa Mama uzi amshikie, akaja kusimama upande wangu, akatazama kwa macho yake mawili mazima, na yeye pia ukamgeukia hivyo hivyo. Tulicheka sana siku ile. Tulizoea kuugeuza tunavyotaka, mara uende huku, mara uende kule. "Kivuli iko nakuonyesha mwili ya kitu tu," Mado alisema. "Mbele na nyuma, ni weye unachagua." Mama, aliyekuwa ameshika uzi huko upande wa jua, alituuliza kama tumemaliza upuuzi wetu, maana povu la sabuni linamkaukia mikononi.

Tulipouchoka mtego tulihamia kwenye nguo. Mado alijifunga liputa, kile kitambaa chetu cha kiunoni, chenye maua makubwa ya manjano, akawa anatembea, anageuka, anainua goti, na mimi nikimwambia bila kukosea ni mguu gani uko mbele. Kila ua lilikuwa kitu cha kufuata. Ua la pajani likisogea kuliko ua la kiunoni, nilijua paja linakuja. Lakini siku alipovaa sketi yake ya shule, ya bluu iliyoiva isiyo na doa wala mstari, nilipotea kabisa. Hapakuwa na kitu cha kufuata, palikuwa na rangi tu. "Nguo iko na maua, naona," nilimwambia kwa sauti, maana ilikuwa habari kubwa kwangu. "Nguo ya rangi moya, sioni kitu. Mweusi njo itakuwa mubaya kabisa." Mama alikuwa upande wa jua akikamua nguo, kivuli chake kimeanguka kwenye shuka. Mikono ya kivuli kile ilisimama kidogo. Kisha ikaendelea kukamua.

Likizo kubwa kwetu ni msimu wa nzango, mchezo wa wasichana, na jioni ikifika kila avenue, yaani kila barabara ya Mangobo, ilikuwa vumbi na makofi. Wachezaji wawili wanasimama uso kwa uso, wenzao nyuma wanaimba, wao wanaruka na kupiga makofi kufuata wimbo, na wimbo ukifika mahali pake kila mmoja anatupa mguu mbele. Mmoja amekwisha kusema kwamba pointi ni yake miguu ikikutana upande mmoja; mwenzake anapata ikipishana. Watu hudhani ni bahati. Si bahati. Mtu kabla hajatupa mguu mwili wake huwa umeshasema: nyonga inalegea, goti moja linatangulia, bega linakwenda kinyume. Wenye macho mawili walitazama mguu, na mguu ukishaonekana umechelewa. Mimi nilikuwa nimekaa juma baada ya juma nikifundishwa kutazama mwendo na si kitu kingine, na wasichana wote walivaa liputa za maua, za ndege, za pete, nguo za kunisomea kila kiungo. Niliwachapa mmoja baada ya mwingine, wakubwa kwa wadogo. Walianza kusema nimepewa dawa. Nilikuwa mtoto aliyetumbukia mtaroni na ndoo, na sasa wasichana wa avenue nyingine walikuja kuuliza huyu Bibiche, yaani mimi, ni nani.

Habari zikamfikia Mama Régine, mwalimu wa timu ya nzango ya parokia yetu, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni ambaye hata padri alimwogopa. Timu ilikuwa inajiandaa kwenda Isangi kwa boti kubwa la mbao, kucheza na wasichana wa huko, na nafasi moja ilikuwa wazi. Aliniambia nafasi ni yangu, ila nitacheza mara moja mbele ya timu nzima ili kusiwe na maneno. Niseme wazi nilikitakia nini kiti kile cha botini, kwa sababu haikuwa safari tu. Nilikuwa mtoto wa kufichwa. Mama alikuwa amekwisha kuniondoa kwenye kisima, kwenye moto, kwenye barabara kubwa, kwenye kila kitu kilichohitaji jicho. Kama ningevuka ubao wa kupandia boti mbele ya watu, nikarudi mzima, hakuna ambaye angeweza tena kunikalisha barazani kama yai. Papa alikubali kabla sijamaliza kuomba. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Hakuweza kumkatalia Mama Régine bila kutaja sababu, na sababu ilikuwa ndiyo ile siri aliyoifunga yeye mwenyewe. Yaya Mado alinisuka nywele kwa ajili ya siku hiyo, akazibana sana, na alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Nilidhani anamwaza mama yake. Nilimwahidi kwamba nikifika Isangi nitamtafuta Mama mkubwa na kumwambia Mado amekuwa mrefu.

Jioni ya kuchaguliwa uwanja wa parokia ulikuwa umefagiliwa, na Mama alikuja, jambo lililonishangaza, akakaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na akina mama wengine. Mama Régine alipuliza filimbi, akasema mpinzani wangu ni mtu aliyeomba nafasi ile ile asubuhi hiyo, na kwa kuwa tunatoka nyumba moja yeye haoni ubaya, atakayeshinda ndiye atakayekwenda. Mado akatokea katikati ya wasichana. Alikuwa amejifunga liputa nyeusi tupu, ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Niliitambua. Ilikuwa liputa ya matanga, aliyoivaa Mama alipozikwa nyanya, na tangu siku hiyo ilikaa ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda. Nilimtazama Mado usoni, naye akatazama juu ya kichwa changu.

Wimbo ukaanza. Mado aliruka wima, kama mchi kinuni, bila kuyumbisha nyonga, mabega yamekaza, mikono ikipiga makofi mahali pamoja. Sikuona mapaja, sikuona magoti. Palikuwa na uso wa dada yangu juu, miguu mitupu chini, na katikati patupu peusi pasipo na kitu cha kufuata. Nilijaribu kutikisa kichwa, huku na huku, na watu wakacheka wakidhani ni madoido. Mguu wake ulitoka kwenye ule weusi bila kutangulizwa na chochote. Pointi yake. Tukaruka tena. Pointi yake. Nikawa nabahatisha, na wasichana niliowachapa wiki nzima wakaona nabahatisha, wakaanza kuimba kwa furaha. Nilimwambia kwa sauti ndogo, tukiwa bado tunaruka, "Yaya, cheza vizuri." Akatupa mguu tena. Nililia nikicheza, jambo ambalo katika nzango ni aibu kuliko kushindwa, na Mama Régine akapuliza filimbi mapema ili kunihurumia. Hakuna aliyevunja sheria. Hakuna aliyetaja jicho langu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba sikuwa na hata neno la kumshitaki, kwa sababu ili niseme amenitendea nini ilinibidi kwanza niseme mimi ni nani.

Nyumbani Mama alinipakata ingawa nilikuwa nimekua mno kwa kupakatwa. Alinifuta machozi kwa ncha ya nguo yake, akaninong'oneza maneno ambayo niliyashika kama dawa kwa miaka mingi. "Achana naye," alisema. "Haiko mutoto ya nyumba. Mutu wa mbali anabaki mutu wa mbali." Kuhusu liputa ya matanga hakusema lolote, wala hakumgombeza Mado kwa kuifungulia sanduku, na mimi katika hasira yangu nilihesabu hilo kuwa ni wema wake wa kutotaka kelele. Kitandani nilimpa Mado kisogo. Alinigusa bega, nikalitoa. Siku ya boti Papa alikwenda kumsindikiza gatini, mimi nikakataa. Mtego wa samaki aliuacha juu ya mto wangu, nikautupa kwenye takataka, na Mado hakurudi Kisangani. Timu ilirejea bila yeye. Alikuwa amemwona mama yake na amekataa kupanda tena boti.

Sasa mimi ni mshonaji. Nina cherehani mbili na kibanda si mbali na soko, na kila mteja ninayempima namwambia, "Zunguka kidogo." Wanadhani ni maringo ya fundi. Mtu akisimama tuli mbele yangu ni bango. Akizunguka ndipo napata mgongo, tumbo, upana wa nyonga, na gauni linakaa. Muuguzi wa macho niliyemweleza haya alinitazama kwa mshangao, akasema watu wote wanafanya hivyo bila kujua, kwamba kichwa kinakusanya vile vitu vinavyopishana na kujijengea umbo, ila wenye macho mawili hawaoni haja ya kushukuru. Nilimpeleka Mama kwake. Papa alishatutoka, Mama anaishi kwangu, na mtoto wa jicho amemfunika jicho moja lote na la pili linamsumbua. Alipoanza kumimina chai pembeni ya kikombe nilitaka kumfundisha nilivyofundishwa. Sikufika mbali. Nilipomwambia tu kwamba kuna njia, alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa, huku na huku, pole pole. Nilifurahi. Nilifikiri ni akili yake mwenyewe.

Halafu Mado akapiga simu. Alikuwa amesikia kwa ndugu wa Isangi kwamba Mama mdogo wake haoni vizuri, akaipata namba yangu, na nilipoisikia sauti ile nilitaka kukata. Sikukata, kwa sababu donge lililokaa muda mrefu hutafuta pa kutokea. Nilimwambia yote. Nilimwambia aliniuza kwa ajili ya kiti cha boti, kwamba aliniibia siri niliyompa akaitumia kunipiga, na kwamba alifungua sanduku la watu.

"Mi nilizania unajua," Mado alisema nilipomaliza. "Bibiche, funguo ya sanduku ilikuwa wapi?"

Ilikuwa kiunoni mwa Mama, imefungwa kwenye pembe ya nguo yake, usiku na mchana.

"Njo yeye alinipatiaka ile liputa. Alisema utaanguka mu mayi, mu mto. Alisema, ruka sawa na muti, usitingize mwili, hataona. Mi nilikatala. Alisema kama nakatala, mama yangu sitamuona tena. Basi nilifanya."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani na simu sikioni. Hakuna kitu kilichobadilika katika yale niliyoyakumbuka: uwanja uliofagiliwa, kiti cha plastiki, mikono ya kivuli iliyosimama kukamua, kukosekana kwa ugomvi kuhusu liputa. Kila mstari ulikuwa mahali pake. Ila aliyekuwa mbele aliingia nyuma, na aliyekuwa nyuma akaja mbele, na kila kitu kikazunguka kinyume. Nilimwomba Mado msamaha, akasema yeye pia aruhusiwe kuomba wake, tukalia kwenye simu mpaka salio lake likaisha. Tulikuwa wanawake wazima wenye watoto. Tungeweza kuwa tumekua pamoja.

Namwelewa Mama. Aliogopa mto, aliogopa ule ubao wa boti, na mimi nikiwaona wanangu wakikaribia maji naogopa vivyo hivyo. Kama angenikataza, ningekasirika, yangeisha. Kama kweli aliona sina budi kushindwa, hata hilo ningemsamehe. Nisichoweza kumeza ni zile wiki alizonipakata na kuniambia mtu wa mbali ni mtu wa mbali, akijua. Alinitazama nikimchukia mtu aliyenipa macho, akaniacha nimchukie, kwa sababu ilimrahisishia. Wakati ule nilikuwa na watu wawili wa kuwaamini na nikampoteza mmoja. Sasa nina mmoja aliyerudi kwenye simu, na mwingine anakula mezani kwangu kila siku, na sijui niseme nimepata au nimepoteza.

Nilimngoja amalize kusali alasiri ile ndipo nikamkalia mbele. Nilikuwa na kikombe chake cha chai mkononi.

"Mama," nilimwambia, "ile liputa nyeusi ya matanga. Nani alifungua sanduku?"

Hakuuliza liputa gani. Alikaa akikunja na kukunjua ncha ya nguo yake, pale pale ambapo zamani palikuwa na funguo. "Ungekufa mu mayi," alisema.

"Na yale maneno juu ya Mado?"

Alinyoosha mkono kutaka chai yake na kushika hewa, kisha akaupeleka mkono pembeni na kushika hewa tena. "Bibiche, kikombe iko wapi?" aliuliza. Nilikuwa nimekishika mbele ya uso wake. Kikombe ni cheupe, hakina ua wala mstari, na nilijua kwamba nikikisogeza kidogo tu atakiona. Sikukisogeza. Nilikaa tuli nikimtazama akitikisa kichwa chake chenye mvi, huku na huku, pole pole, alivyomsikia Mado akinifundisha, mpaka akakipata mwenyewe, akanywa, wala hakuniuliza kwa nini sikumsaidia.